Uraibu wa Dawa Tiba: Kinga ya Kibiti na Delta ya Rufiji Ianzie Dirishani mwa Duka la Dawa

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Juni 26, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya Duniani, iliyoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Katika hotuba na mabango ya siku hiyo, majina yanayotajwa zaidi ni heroini, kokeini, bangi na mirungi. Ni haki yatajwe, kwa kuwa madhara yake yanaonekana mitaani. Hata hivyo, lipo kundi jingine linalostahili nafasi katika mjadala huo. Ni dawa zinazotengenezwa viwandani kwa kibali, zinazoandikwa na daktari, zinazotunzwa kwenye makabati ya hospitali na ambazo, zikitumiwa ipasavyo, humwondolea mgonjwa mateso makubwa.

Wataalamu huziita dawa tiba zenye asili ya kulevya. Ndani ya kundi hilo zimo dawa za maumivu makali kama mofini, pethidini, kodeini na tramadoli, pamoja na dawa za kutuliza wasiwasi, degedege na kukosa usingizi kama diazepamu. Dawa hizi zikitumiwa nje ya maelekezo, au kwa muda mrefu bila uangalizi, zinaweza kumgeuza mgonjwa kuwa mraibu, na familia yake kuwa mhanga wa pili.

Makala haya yanalitazama suala hilo kutokea Wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji, mkoani Pwani. Hoja yake ni moja. Katika nchi tajiri, uraibu wa dawa tiba ulitokana na wingi wa vyeti vya daktari. Katika maeneo ya visiwa, mikono ya mto na vijiji vilivyotawanyika, hatari hutoka upande wa pili: dawa inaweza kufika mahali ambapo cheti hakifiki. Kwa sababu hiyo, mlinzi wa kwanza wa jamii ni yule anayesimama dirishani mwa duka la dawa, na uimara wa kinga yote hutegemea uimara wake.

Dawa hizi hufanya nini mwilini

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni mwili kuizoea dawa. Mgonjwa wa saratani anayetumia mofini kwa miezi kadhaa mwili wake huizoea, na ikisitishwa ghafla atatoka jasho, atatetemeka, ataharisha na kukosa usingizi. Hali hiyo peke yake haimfanyi kuwa mraibu. La pili ndilo uraibu wenyewe: mtu anaendelea kuitafuta dawa hata pale inapomharibia kazi, ndoa na afya, na hawezi kujizuia ingawa anayaona madhara.

Tramadoli ni mfano mzuri wa jinsi mstari kati ya hali hizo mbili unavyoweza kuvukwa bila mtu kutambua. Dawa hii ilianza kuuzwa nchini Ujerumani mwaka 1977 kwa ajili ya maumivu ya wastani hadi makali. Hutuliza maumivu kwa njia inayofanana na ya mofini, na wakati huohuo hubadili kemikali za ubongo zinazohusika na hali ya moyo. Kwa baadhi ya watu huleta hisia ya nguvu na kutochoka. Mtu aliyeanza kuimeza kwa ajili ya mgongo anaweza kujikuta akiimeza ili aamke kwenda kazini, na baadaye ili tu aepuke arosto, yaani mateso ya kuikosa. Ikitumiwa kwa kiasi kikubwa, tramadoli inaweza pia kusababisha degedege, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa.

Diazepamu nayo ina mtego wake. Kwa siku chache husaidia. Kwa miezi mingi, mwili huitegemea kiasi kwamba kuiacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege na kuhatarisha maisha, hivyo hupaswa kupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi wa mtaalamu. Hatari kubwa zaidi hutokea pale dawa za makundi haya mawili zinapomezwa pamoja, au kuchanganywa na pombe. Zote hupunguza kasi ya kupumua, na kwa pamoja zinaweza kuisimamisha kabisa.

Safari ya kidonge katika delta

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya muongo uliopita, ina sura mbili. Ya kwanza ni ile ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, yenye mji wa Kibiti, mabasi, maduka na hospitali. Ya pili ni ya delta, yenye kata kama Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala. Huko mto hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na huko ndiko ulipo msitu mkubwa wa mikoko wa takribani hekta 53,000. Usafiri ni mtumbwi na boti, na ratiba yake hupangwa na maji kujaa na kupwa.

Kwa mkazi wa kisiwani, kumwona daktari ni safari inayogharimu nauli ya boti, nauli ya gari, chakula cha njiani, mahali pa kulala na siku mbili au tatu za kazi zilizopotea. Zahanati na vituo vya afya vipo na vinafanya kazi kubwa, lakini si kila huduma hupatikana katika ngazi hiyo. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yalikumbusha namna ambavyo maji yanaweza kuikata safari hiyo kabisa na kumwacha mgonjwa wa muda mrefu bila dawa zake.

Katika mazingira hayo, ni rahisi kuona jinsi kidonge kinavyoweza kusafiri bila karatasi yake. Ndugu aliyekwenda mjini huagizwa dawa ileile aliyopewa jirani. Mgonjwa aliyepona huwa na vidonge vilivyobaki, naye huvigawa kwa moyo mwema. Muuzaji asiye na kibali hukata kipande cha pakiti kwa mkasi na kukitia kwenye kijikaratasi. Kipande hicho huwa kimeachana na jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi na onyo la mtengenezaji. Anayekipokea hujua jambo moja tu: kwamba kilimsaidia mwenzake.

Aina ya kazi nayo ina nafasi yake. Delta ya Rufiji ni eneo mashuhuri la uvuvi wa kambamiti, na wakazi wake hulima mpunga kwenye mabonde yanayofurika. Kuvuta nyavu usiku, kulima kwenye tope, kubeba magunia kutoka botini hadi nchi kavu na kuendesha bodaboda kutwa nzima ni kazi zinazoumiza mgongo, mabega na magoti. Afrika Magharibi, tramadoli ilipenya kwanza miongoni mwa watu wa kazi za namna hiyo: madereva, wakulima na vibarua waliotafuta kustahimili siku ndefu. Mahali popote penye maumivu ya kazi na umbali wa tabibu pana mlango ambao dawa hizi zinaweza kuupitia. Mlango huo unapaswa kulindwa kabla haujazoeleka.

Mzigo unaobebwa nyumbani

Uraibu wa dawa tiba huchelewa kutambulika kwa sababu hauna alama ambazo jamii imezizoea. Hakuna moshi, hakuna harufu na hakuna sindano. Kuna mtu anayemeza dawa, na katika utamaduni wetu mtu anayemeza dawa huonewa huruma. Mke humkumbusha mumewe dozi yake. Mama humtuma mtoto dukani. Familia inaweza kuusaidia uraibu kwa miezi mingi huku ikiamini inauguza.

Dalili za kwanza huonekana kwenye mfuko. Fedha ya mchango wa shule hupungua, wavu haushonwi, madeni dukani huongezeka. Kisha hubadilika tabia: usingizi wa mchana, hasira zisizo na sababu, safari za ghafla za kwenda mjini na visingizio visivyolingana. Mraibu mwenyewe mara nyingi huwa wa mwisho kukiri, kwani anayo hoja iliyo tayari. Dawa hii aliandikiwa hospitali.

Kwa ukanda wa Rufiji lipo jambo jingine la kuzingatia kwa uangalifu. Kwa vizazi vingi, degedege katika jamii za pwani limehusishwa na pepo au nguvu zisizoonekana, na familia nyingi zimekuwa zikimpeleka mgonjwa kwa mganga kabla ya kumpeleka zahanati. Elimu ya malaria imebadilisha mengi katika kuelewa degedege la watoto. Lakini kijana wa miaka 25 anapoanguka na kukakamaa kwa sababu ya tramadoli, au mama mtu mzima anapopatwa na degedege siku chache baada ya kuishiwa diazepamu, si rahisi familia kuhusisha tukio hilo na kidonge. Watatafuta aliyeroga. Ugomvi wa ukoo huanza, fedha hutoka kwa ajili ya ngoma na makafara, na dawa iliyosababisha hali hiyo huendelea kukaa chini ya mto wa kulalia.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Aibu ndiyo inayofanya familia ifiche, na kwa upande wa wanawake aibu hiyo huwa nzito zaidi. Mwanamke anayetegemea vidonge vya usingizi baada ya msiba au mimba iliyoharibika hahesabiwi kuwa mraibu na mtu yeyote, wala hajitokezi kutafuta tiba. Huonekana tu kuwa amenyamaza na anachoka mapema.

Yaliyowapata wengine

Marekani ni funzo kubwa kuliko yote katika jambo hili. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni dawa ya maumivu iitwayo OxyContin, na kuitangaza kwa madaktari kwa namna iliyopunguza uzito wa hatari ya uraibu. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri kosa mahakamani kuhusu namna ilivyoitangaza dawa hiyo, na ikakiri makosa mengine mwaka 2020. Kufikia mwaka 2012, vyeti zaidi ya milioni 255 vya dawa za kundi hilo vilikuwa vikiandikwa nchini humo kwa mwaka mmoja.

Kilichofuata ndicho chenye somo kwetu. Vyeti vilipobanwa, watu wengi waliokwisha kuwa waraibu hawakuwa na tiba ya kukimbilia. Baadhi walihamia kwenye heroini, na baadaye soko la magendo likajaa fentanili, ambayo ni kali mara nyingi zaidi. Mwaka 2021 vifo vilivyotokana na kuzidisha dawa za aina zote nchini humo vilivuka 100,000. Kubana dawa bila kufungua mlango wa tiba kuliwasukuma wagonjwa kutoka kwenye hatari moja kwenda kwenye nyingine kubwa zaidi. Pwani ya Afrika Mashariki, ambayo kwa miaka mingi imekuwa njia ya heroini inayosafirishwa kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi, haina budi kulikumbuka hilo.

Nigeria ilikumbana na sura nyingine ya tatizo. Mwaka 2018, baada ya uchunguzi wa wanahabari kufichua jinsi dawa ya kikohozi yenye kodeini ilivyokuwa ikiuzwa kwa vijana kinyume cha taratibu, serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uzalishaji na uingizaji wa dawa hizo. Mwaka huohuo India, ambayo ni chanzo kikubwa cha dawa zinazouzwa Afrika, iliiweka tramadoli chini ya sheria yake ya dawa za kulevya. Lakini mwaka 2025 ilibidi India izuie pia usafirishaji wa vidonge vilivyochanganya tapentadoli na karisoprodoli, vilivyokuwa vimeanza kuchukua nafasi ya tramadoli katika masoko ya Afrika Magharibi. Dawa moja ikifungiwa, biashara hutafuta nyingine. Udhibiti unaotegemea jina la dawa pekee daima utakuwa nyuma kwa hatua moja.

Sheria na vyombo vilivyopo nchini

Tanzania haianzi mwanzo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo wajibu wake unagusa pia dawa tiba zenye asili ya kulevya na kemikali zinazoweza kutumika kuzitengeneza. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019, husimamia usajili, uingizaji na ubora wa dawa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, husimamia wanataaluma na maduka yao.

Katika ngazi ya kijiji, nguzo muhimu ni Duka la Dawa Muhimu. Mpango huu ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa lengo la kubadilisha maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza dawa wasizoruhusiwa, kupitia wauzaji wasio na mafunzo. Mtoa dawa hupewa mafunzo maalumu, duka hukaguliwa, na orodha ya dawa zinazoruhusiwa huwekwa wazi. Mofini na pethidini si dawa za kuuzwa katika duka la namna hiyo. Mpango huu umesambaa nchi nzima na umetazamwa na nchi nyingine za Afrika kama mfano wa kufikisha dawa salama vijijini.

Pamoja na hayo, upo ugumu ambao sheria ya nchi moja haiwezi kuumaliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya unazibana mofini, kodeini na pethidini, na ule wa mwaka 1971 unaigusa diazepamu. Tramadoli haimo katika orodha za mikataba hiyo, kwa hiyo kila nchi hujiwekea udhibiti wake. Matokeo yake ni kwamba shehena iliyo halali katika bandari moja inaweza kuwa ya magendo katika bandari ya pili. Kwa mwambao wenye mikono mingi ya maji kama wa Rufiji, ushirikiano wa wananchi katika kutoa taarifa una uzito sawa na doria ya boti.

Mwenye maumivu naye ana haki

Kuna namna ya kupambana na uraibu wa dawa tiba ambayo inaweza kuleta madhara makubwa kuliko uraibu wenyewe. Ni ile ya kuzitia hofu dawa hizi kiasi kwamba mgonjwa anayezihitaji kweli anazikosa. Sehemu kubwa sana ya mofini inayotumika kwa tiba duniani hutumika katika nchi tajiri, huku wagonjwa wengi wa Afrika wakifa katika maumivu ambayo yangeweza kutulizwa kwa dawa ya gharama nafuu.

Nchini Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa wa sikoseli. Mtoto wa sikoseli anapopatwa na maumivu makali ya mifupa, panado haitoshi. Mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road anahitaji mofini ya kunywa kila baada ya saa chache. Familia ya mgonjwa huyo inapoishi kisiwani, kila chupa huwa ni safari. Ikiwa mhudumu ataogopa kuiagiza au kuitunza kwa sababu ya hofu ya sheria, anayeadhibiwa ni mgonjwa, naye hana kosa.

Uganda ilionesha kwamba mizani hiyo inawezekana. Huduma ya tiba shufaa iliyoanzishwa nchini humo mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman kupitia Hospice Africa Uganda ilijengwa juu ya mofini ya maji inayotolewa nyumbani kwa mgonjwa. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika. Badala ya kuiacha dawa itembee bila cheti, Uganda iliamua kumwongeza mtu mwenye uwezo wa kuandika cheti karibu na mgonjwa. Kwa maeneo ambayo daktari yuko mbali, mfano huo unastahili kuchunguzwa kwa makini na wataalamu wetu.

Tiba isiyofikika

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo katika Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara kuanzisha huduma ya umma ya methadoni kwa waraibu. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikaenea katika mikoa mingine, ikiwamo Zanzibar, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Maelfu ya watu wamerudishiwa maisha yao kupitia kikombe hicho kidogo kinachonywewa mbele ya mhudumu.

Masharti ya tiba hiyo ndiyo yanayoibua swali kwa delta. Methadoni hutolewa kwa uangalizi, na katika hatua za mwanzo mgonjwa huhudhuria kila siku. Kutoka mji wa Kibiti hadi Temeke ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka kisiwani hadi mji wa Kibiti ni safari nyingine. Mvuvi wa Msala au Kiongoroni hawezi kuwa mhudhuriaji wa kila siku bila kuhama kwao. Pia si kila mraibu wa dawa tiba anahitaji methadoni. Wengi wa walioanza na tramadoli au diazepamu wanaweza kusaidiwa kwa kupunguziwa dozi hatua kwa hatua, ushauri nasaha na ufuatiliaji wa karibu. Hizo ni huduma ambazo mganga wa kituo cha afya anaweza kuzitoa akiwa amefundishwa, ana mwongozo na anaweza kumpigia simu bingwa wa afya ya akili aliye hospitali ya mkoa.

Hapa ndipo Mpango Jumuishi na Shirikishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa Januari 2024, unapoweza kuleta mabadiliko. Mpango huo umelenga kuwafikia wahudumu 137,294 nchini kote ndani ya miaka mitano. Mhudumu anayeishi kitongojini anajua nani amerudi kutoka hospitali, nani ana vidonge vilivyobaki na nani amebadilika tabia. Mafunzo yake yakigusa dawa tiba zenye asili ya kulevya, ataweza kuiona hatari miezi mingi kabla haijafika polisi au wodini.

Rufiji ilishawahi kuonesha njia

Wakazi wa ukanda huu wana historia ya kujivunia katika afya ya jamii. Katika miaka ya 1990, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya Rufiji, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada iliendesha Mradi wa Huduma Muhimu za Afya Tanzania katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa jepesi: je, fedha za afya za wilaya zinatumika kwa magonjwa yanayowaua watu wa wilaya hiyo? Kaya zilitembelewa, vizazi na vifo vikahesabiwa, na bajeti ikapangwa upya kwa kufuata takwimu hizo. Katika miaka iliyofuata, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mafanikio hayo hayakuletwa na mashine za gharama. Yalitokana na kuhesabu kwanza, kisha kupanga. Uzoefu huo unaweza kutumika leo kwa dawa tiba. Daftari la zahanati linaweza kuonesha ni wagonjwa wangapi waliofika na degedege la utu uzimani, wangapi wamepokea dawa za maumivu makali kwa zaidi ya mwezi mmoja, na wangapi wamerudi kudai dozi kabla ya wakati. Kituo cha afya kinaweza kulinganisha kiasi kilichopokelewa kutoka Bohari ya Dawa na kilichoandikwa kwenye vyeti. Takwimu hizo zikikusanywa kila mwezi, halmashauri itaweza kutenga fedha kwa kufuata ukweli badala ya uvumi.

Hatua zinazowezekana

Yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri sheria mpya. La kwanza ni mtoa dawa. Yeye ndiye anayeweza kusema hapana kwa kijana anayetaka tramadoli bila cheti, na kusema hapana kijijini ni kugumu, kwa kuwa anayekataliwa ni jirani au shemeji. Anahitaji ukaguzi unaomtembelea mara kwa mara, viongozi wa kijiji wanaomuunga mkono na mteja anayeelewa sababu. Duka linalofuata taratibu lisipolindwa, litashindwa na yule anayeuza kwenye mfuko wa plastiki gatini.

La pili ni kauli ya mwandishi wa cheti. Dakika mbili za kumweleza mgonjwa kwamba dawa hii ni ya siku tano, isichanganywe na pombe, isigawiwe mtu na irudishwe ikibaki, zinaweza kuokoa nyumba nzima. Maelezo hayo yatolewe pia kwa ndugu aliyemsindikiza, kwa sababu ndiye atakayekuwa naye usiku.

La tatu ni familia. Dawa za aina hii zitunzwe mahali ambapo watoto na wageni hawafiki. Ndugu akigundulika ametegemea vidonge, asinyang'anywe ghafla, hususan vya usingizi, bali apelekwe kituo cha afya pamoja na pakiti ya dawa yenyewe. Mtu aliyemeza dawa na kulala fofofo, anayepumua kwa shida na midomo kubadilika rangi, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali mara moja. Taarifa za wauzaji wasio halali zitolewe kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kupitia namba ya simu ya bure 119.

La nne linahusu viongozi wa dini, wazee na waganga wa tiba asili, ambao katika delta husikilizwa kabla ya mhudumu wa afya. Wakielimishwa kwamba degedege la mtu mzima linaweza kutokana na kidonge, watakuwa daraja la kumfikisha mgonjwa zahanati mapema. Kuwaacha nje ya mpango ni kuacha mlango mkubwa wa jamii ukiwa umefungwa.

La mwisho ni gharama. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumwondolea mwananchi kikwazo cha fedha anapohitaji tabibu. Utekelezaji wake ukizifikia kaya za visiwani, watu wachache zaidi watalazimika kununua unafuu wa siku moja kutoka kwa muuzaji asiyejua anachokiuza.

Delta ya Rufiji imezoea kupima kina cha maji kabla ya kupitisha boti. Dawa tiba zenye asili ya kulevya zinahitaji tahadhari ya aina hiyohiyo: zipite, kwa kuwa kuna wagonjwa wanaozingoja, lakini zipite mikononi mwa anayejua kina chake. Cheti kikifika pale kidonge kinapofika, na tiba ikisogea pale uraibu unapoanza, mzigo ambao leo familia hubeba kimya utapata wa kuusaidia kuubeba.